Kafupa ka machozi

Mwaka wa kwanza wa udaktari, kwenye mtihani wa mdomo, asistanti aliniwekea fuvu mkononi: «Lakrimale iko wapi?» Nikaonyesha mfupa wa pua. Akaandika kitu, akaita mwingine. Sikujali sana. Kafupa kama ukucha wa kidole cha mwisho, katanisaidia nini?

Miaka ikapita, yaya akanipigia simu: «Docta, juu ya nini hii jicho ya mutoto inatoka machozi siku yote?» Mtoto alikuwa na miezi mitatu. Bibi alishakamua majani, anangoja tu kutia.

Wandugu, weka kidole kwenye kona ya jicho, upande wa pua. Utasikia ukingo mgumu: hiyo bado ni taya ya juu. Nyuma yake kuna mfereji mdogo, na nusu ya nyuma ya huo mfereji njo lakrimale. Ziko mbili, kushoto na kulia, mifupa midogo kuliko yote ya uso. Kwa wenye mtihani: inapakana na paji juu, etimoidi nyuma, taya ya juu mbele, konka ya chini ya pua chini. Na ni nyembamba kama karatasi, kwa hiyo fuvu nyingi za laboratwari zina tundu pale. Si njia ya asili, ni wanafunzi waliotangulia wameivunja!

Ndani ya mfereji ule kunalala kifuko cha machozi. Machozi yanatoka kwenye tezi juu ya jicho, upande wa nje, yanaosha jicho, yanaingia vitundu viwili kwenye kona ya ndani, yanafika kifukoni, kisha yanashuka puani. Njo maana ukilia pua inachuruzika, na ukitia dawa ya matone unasikia uchungu kooni. Njia ikiziba kwa mtu mzima, mpasuaji anatoboa mfupa na kufungulia kifuko mlango mpya wa puani. Toti, Mwitalia, alieleza upasuaji huo mwaka 1904. Wembamba ule ule unaotusumbua laboratwari unamrahisishia kazi.

Kwa mtoto mchanga mara nyingi ni kangozi tu, mwisho wa njia, ambako hakajafunguka. Wengi wanafunguka wenyewe kabla ya mwaka. Nikamwambia yaya anawe mikono, akate kucha, abonyeze polepole ile kona na kuteremsha kidole kando ya pua, mara chache kila siku. Na majani hapana, yanaweza kuunguza kioo cha jicho. Bibi alinuna, lakini alimwaga.

Nilimuuliza pia kama jicho ni kubwa kuliko lingine, kama lina ukungu, kama mtoto anakimbia mwanga, kama kona imevimba na kuwa nyekundu. Moja tu ya hayo, ni hospitali siku ile ile. Hakuna. Kwenye mwezi wa nane jicho likakauka. Bibi anasema ni maombi yake.