Mwalimu wa kisiwani na kishikwambi chake

Sensa ya mwaka 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa kwa walimu wa shule za umma. Kugawa vifaa ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Shughuli inaanza pale mwalimu anapokiwasha mbele ya darasa lililojaa, bando limekata, na video ya mmeng'enyo wa chakula inazunguka tu, haifunguki.

Mwalimu wa Musoma mjini akikwama hivyo anamuuliza mwenzake wa shule ya jirani. Wa Rukuba hana njia hiyo: Rukuba ni kisiwa, katika kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Shule za jirani ziko ng'ambo ya maji, na ziwa likichafuka hakuna wa kuvuka. Ndiyo maana faida kubwa ya chama cha walimu wanaofundisha kwa TEHAMA siioni kwenye cheti wala fulana ya mkutano mkuu. Naiona kwenye kumpata mtu aliyekwama palepale ulipokwama wewe, akajinasua.

Chukua programu ya Kolibri. Ni ya bure, na imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo yanapakuliwa mara moja kwenye kompyuta; kompyuta hiyo ikiunganishwa na ruta ndogo, vishikwambi vya darasani vinayafungua bila bando. Tena aliyekwisha kuyapakua anaweza kumnakilia mwingine kwenye flashi au diski. Kwa hiyo mwanachama wa mjini anapakua usiku, na mwenzake wa Rukuba aliyevuka kwenda benki anarudi na maktaba mfukoni. Ila masomo ni mengi, na mengine yametungwa kwa watoto wa nchi nyingine kabisa. Lipi linaendana na muhtasari wetu wa Darasa la Tano? Hapo muuza vifaa hana jibu. Anayejua ni mwalimu wa somo hilo aliyekwisha kulijaribu darasani.

Nakiri kwamba ukitaja chama, walimu wengi huwaza makato ya kila mwezi kwenye hati ya mshahara. Hayo ni ya chama cha wafanyakazi, kama CWT, kinachopigania madaraja, malimbikizo na uhamisho. Chama cha kitaaluma kinashughulika na ufundishaji wenyewe, kama CHAHITA inavyofanya kwa walimu wa hisabati. Mwalimu anaweza kuwa kwenye vyote viwili. Kwa teknolojia ya elimu, kinachojulikana zaidi duniani ni ISTE cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1979. Viwango vyake vinafaa kusomwa, lakini sioni sababu ya mwalimu wa Etaro kuanza kwa kulipa ada ya dola.

Pa kuanzia pako karibu. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, imeleta jumuiya za ujifunzaji shuleni na kwenye vituo vya walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni. Jumuiya ya namna hiyo ikichangamka inaweza kuzaa chama cha wilaya. Ikigeuka kikao cha kusomeana taarifa, basi tena.

Faida nyingine ni sauti. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na TEHAMA imepewa uzito. Mwalimu mmoja akiandika kwamba shule yake inahitaji sola kabla ya kompyuta, barua inaishia kwenye faili. Walimu wa shule kumi wakiandika hivyohivyo, wakiambatisha orodha ya vifaa vilivyolala kabatini na sababu ya kila kimoja, halmashauri ina kitu cha kuweka kwenye bajeti.

Kabla ya kujiunga, uliza vikao hufanyika wapi. Kikao kikiitishwa Musoma Jumamosi asubuhi, wa Rukuba huenda akalazimika kuvuka Ijumaa na kutafuta pa kulala. Chama makini huiweka gharama hiyo kwenye bajeti, au angalau mara moja kwa muhula kinawavusha wa bara kwenda kukutana kisiwani.