Mbwa wa Mteja Anajiburuta Makalio? Usikimbilie Kumuuzia Dawa ya Minyoo

Kama unauza vijibwa au vyakula vya mbwa mtandaoni hapa Moshi, video hii utatumiwa tu siku moja: kale kambwa ka Maltese au Chihuahua kanajiburuta makalio sakafuni, na chini mteja kaandika, "Boss, umeniuzia mbwa ana minyoo."

Wengi hapo wanamrushia bei ya dawa ya minyoo. Kuna wakati ni minyoo kweli. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye manyoya chini ya mkia, hao ni tegu. Ila kwa mbwa wadogo shida huwa mara nyingi ni vifuko viwili vya harufu vilivyo kando ya njia ya haja kubwa. Chukulia uso wa saa: kimoja kipo kwenye 4, kingine kwenye 8. Mbwa akipata choo kilichoshikana, vifuko vinabanwa na maji yake yanatoka yenyewe. Choo kikiwa laini kila siku, au mbwa akinenepa kupita kiasi, yale maji yanabaki humo, yanakuwa mazito, mwisho bakteria wanaingia.

Kwa hiyo uliza kwanza. Ananuka kama samaki aliyeoza? Anajilamba hapo muda wote? Anakula nini? Mbwa akifika kwa mteja Rau au Shanty Town, siku hiyo hiyo anapewa maziwa na mabaki yenye mafuta, tumbo linachafuka. (Mpe mteja karatasi ya chakula siku unamkabidhi mbwa, itakuokolea maneno mengi.) Boga la kuchemsha bila chumvi wala sukari, kijiko cha chai kwenye chakula, linasaidia choo kushikana.

Pakiwa pamevimba, pekundu, au panatoka usaha na damu, hapo usiuze kitu. Hilo ni jipu na linauma sana. Asikamue kwa kufuata video, wala asimpe panadol au ibuprofen ya binadamu, zinaweza kumuua. Ni daktari wa mifugo, leo leo, hata kama mteja yuko juu Marangu na inabidi ashuke mjini.

Na wewe, kabla hujampakia mbwa kwenye basi la Dar, inua mkia uangalie.

Jibu la kutuma liwe fupi: "Pole dada. Inawezekana siyo minyoo, ni vifuko vya chini ya mkia. Nitumie picha ya karibu. Kama pamevimba, mpeleke kwa daktari leo, tuongee nikusaidieje."