Siku ya Michezo: Mtoto Mwenye Ulemavu Asiachwe Mkekani

Likizo inakaribia na parokia nyingi zinaandaa michezo ya watoto: mbio, magunia, kuvuta kamba, rede na mpira wa miguu. Kila mara tunaona jambo lilelile. Wenzao wanacheza, na pembeni, mkekani kwa akina mama, wapo mtoto mmoja au wawili waliokatazwa. Mmoja ana kifafa, mwingine haoni, mwingine mguu umepinda. Wazazi hufanya hivyo kwa upendo, wakiogopa ataumia. Lakini mtoto asiyecheza misuli yake hulegea, viungo hukakamaa, naye hujifunza mapema kwamba mahali pake ni pembeni.

Tuanze na kifafa, maana ndicho kinachoogopwa kuliko vyote. Kifafa hakiambukizi, povu la mdomoni halimdhuru anayemsaidia mgonjwa. Kwa watoto wengi kukimbia hakuamshi kifafa, na karibu michezo yote wanaiweza, mradi wameze dawa kila siku bila kuruka, hata siku yenyewe ya michezo. Kilicho hatari ni kuogelea bila mtu wa kumwangalia, na kupanda juu. Akianguka uwanjani, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, na kutetemeka kukiisha mlazeni kwa ubavu. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize, msimnyweshe kitu. Kukizidi dakika 5, au kukirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali upesi.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, wala asilowe maji ya baridi. Mbio ndefu si zake. Akisema mifupa au kifua kinauma, aache papo hapo. Mwenye ualbino acheze asubuhi mapema au jioni, akiwa na kofia pana na mikono mirefu. Mara nyingi haoni mbali, hivyo chagueni mpira wa rangi kali. Mtoto mwenye hali ya Down asipinduke kichwa chini miguu juu, kwa kuwa shingo yake huweza kuwa legevu, na moyo wake upimwe kwanza.

Kwa asiyesikia, mwamuzi ainue kitambaa badala ya kupuliza filimbi tu. Asiyeona akimbie na mwenzake, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi. Ndivyo alivyokimbia Henry Wanyoike wa Kenya, aliyeshinda mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 pamoja na kiongozi wake anayeona. Tangu mwaka 1946 upo pia mchezo wa wasioona, goalball, unaotumia mpira wenye kengele ndani. Sisi tusio na mpira huo tutie kokoto katika chupa tupu ya maji, tuifunge vizuri. Watoto wakae chini kwa duara na kuviringishiana. Wanaoona wafungwe vitambaa machoni, mtasikia vicheko! Na mwenye magongo au kiti cha magurudumu aingizwe katika mbio za kupokezana, apewe kipande kifupi cha njia.

Neno moja kuhusu zawadi. Hatupendi desturi ya kumtangaza mtoto mlemavu kuwa mshindi kwa kumhurumia. Watoto wanajua nani ameshinda, naye anajua. Badilisheni kanuni ili aweze kushindana, kisha mwacheni ashinde au ashindwe kama wengine.

Mzazi anayesita amlete mtoto kliniki wiki moja kabla ya michezo, pamoja na kadi na dawa zake. Tutampima, na tutamwandikia mwalimu wa michezo yale anayoyaweza na yale ya kuepuka.