Rangi Yafichua Mabaki ya Dawa Kwenye Maziwa

Ng'ombe anapougua ugonjwa wa kiwele, hutibiwa kwa antibaiotiki. Hata akipata nafuu, dawa huendelea kutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa, bila kubadilisha rangi wala harufu yake. Mfugaji wa Malindi au Kaloleni akiyachanganya na ya wenzake, mtungi mzima huharibika.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa zote. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika. Aidha, mabaki hayo huchangia usugu wa vijidudu, tatizo lililoifanya Kenya kuzindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana nalo mwaka wa 2017. Mtengenezaji wa mala naye hupata hasara, kwani dawa huua bakteria wanaogandisha maziwa.

Kiwango cha juu cha penisilini kinachokubalika kimataifa ni mikrogramu 4 kwa kilo moja ya maziwa, sawa na gramu 4 katika kilo milioni moja. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, ndiyo maana wanasayansi wanatumia chembe ndogo mno za dhahabu.

Chembe hizo zikitawanyika majini, huonekana nyekundu. Zikishikana, hugeuka zambarau au buluu. Katika mbinu moja, chembe hufunikwa kwa vipande vya DNA vinavyozizuia kushikana hata chumvi ikiongezwa. Dawa ikiwepo, vipande huziacha chembe na kuishika dawa. Chumvi ikitiwa, chembe hushikana na rangi hubadilika.

Chembe za dhahabu pia hutumika katika vijiti vya kupimia maziwa, ambavyo hutoa majibu kwa dakika chache. Hapa msomaji awe makini: katika vijiti vingi, mstari wa kipimo ukififia au kukosekana, dawa ipo. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hakifai na kirudiwe.

Kijiti hubaini tu aina za dawa kilichotengenezewa, na majibu ya kuwepo kwa dawa huthibitishwa kwenye maabara.

Hata hivyo, kinga huanzia zizini. Mfugaji anashauriwa:

- Kumwita daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa dukani.
- Kuandika tarehe ya matibabu na kumtia alama ng'ombe aliyetibiwa.
- Kumkama ng'ombe huyo mwisho, kwa chombo chake.
- Kutouza wala kunywa maziwa hayo hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ziishe.