Vali ya Usalama katika Garimoshi Dogo la Mvuke

Katika Uingereza, na katika nchi nyingine chache zenye historia ndefu ya reli, wako watu ambao kazi yao ya jioni ni kuunda vichwa vya garimoshi vilivyo vidogo kiasi cha kuwekwa mezani, lakini vinavyokwenda kwa mvuke wa kweli. Jarida lao, Model Engineer, lilianza kuchapishwa mwaka 1898. Vichwa hivyo si vya kuchezea. Ndani ya kila kimoja mna boila ya shaba, maji, na moto wa gesi, spiriti au makaa ya mawe. Na juu ya boila pana kifaa kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, nacho ni vali ya usalama. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyorekebishwa, maana katika kazi hiyo moja mwanafunzi wa fizikia atakutana na kani, kanieneo, springi na joto la maji, vyote vikitenda kazi pamoja.

Tuanze na hatari yenyewe. Boila ndogo ya namna hii huweza kufanya kazi kwa kanieneo ya baa 4 juu ya ile ya hewa. (Baa moja ni nyutoni 100,000 kwa kila mita mraba. Neno hili lisichanganywe na baa lenye maana ya balaa, ingawa vali ikikwama maana hizo mbili hukaribiana.) Chini ya kanieneo hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi bali kwenye nyuzi 152. Boila ikipasuka, kanieneo huanguka ghafla, na maji hayawezi tena kubaki maji kwa nyuzi 152. Joto la zile nyuzi 52 za ziada hugeuza sehemu ya maji kuwa mvuke papo hapo. Chukua nusu kilo tu ya maji: joto la ziada ni 0.5 x 4.2 x 52, yaani kilojuli 109 hivi. Kwa kuwa gramu moja ya maji yanayochemka huhitaji kilojuli 2.26 ili iwe mvuke, tutapata gramu 48 za mvuke, na mvuke huo ukiisha kutanuka hujaza lita 80, zaidi ya madebe manne. Yote hayo hutoka, kwa kufumba na kufumbua, katika chombo kinachobebwa kwa mkono mmoja.

Watu walilitambua jambo hili mapema. Mfaransa Denis Papin, aliyeionyesha Royal Society ya London sufuria yake ya mvuke mwaka 1679, ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mwanzilishi wa vali ya usalama; yake ilikuwa na wenzo na uzani. Lakini kifaa kinachoweza kuzuiwa na mkono wa mtu si salama sana. Tarehe 17 Juni 1831, huko South Carolina, Marekani, mchochea moto wa garimoshi lililoitwa Best Friend of Charleston aliizuia vali isifunguke, kwa kuwa mlio wa mvuke ulimkera. Boila ikapasuka, naye akafa kutokana na majeraha. Ndiyo sababu katika miaka ya 1850 John Ramsbottom wa Uingereza aliunda vali mbili zilizounganishwa kwa wenzo na springi moja, kwa namna ambayo mtu akiukandamiza wenzo hawezi kuzifunga zote mbili kwa pamoja.

Vali ya garimoshi dogo ni sahili zaidi. Gololi ya chuma kisichoshika kutu hukaa juu ya tundu la mviringo, ambalo ukingo wake huitwa kitako. Springi huikandamiza gololi kutoka juu, na kifuniko chenye hesi huikaza au kuilegeza springi. Mvuke husukuma kutoka chini. Kani ya mvuke ikizidi kani ya springi, gololi huinuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tundu lenye kipenyo cha milimita 5 lina eneo la milimita mraba 19.6. Baa 4 ni nyutoni 0.4 kwa milimita mraba, kwa hiyo kani ni nyutoni 7.9, takriban uzito wa kitu cha gramu 800. Springi inayohitaji nyutoni 4 ili ikandamizwe milimita 1 itatosha ikikandamizwe milimita 2 hivi. Wengi huishia hapo, nao hukosea.

Kufunguka hakutoshi, vali lazima ipitishe mvuke wote unaozalishwa. Ili nafasi ya pembeni mwa gololi ilingane na eneo la tundu, gololi hupaswa kuinuka kiasi cha robo ya kipenyo cha tundu, yaani milimita 1.25. Springi yetu ngumu itadai nyutoni 5 zaidi kwa mwinuko huo, na kanieneo itakuwa imefika baa 6.6! Sasa tumia springi ndefu iliyo laini, inayohitaji nyutoni 0.8 kwa milimita, ukiikandamiza milimita 10 hivi. Kani ya mwanzo ni ileile, lakini mwinuko wa milimita 1.25 unadai nyutoni 1 tu, na kanieneo haitapita baa 4.5. Vali mbili zinazofunguka kwenye alama moja ya geji zaweza basi kutofautiana kabisa kwa usalama. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo ambalo mwalimu angelikazia kuliko yote.

Kurekebisha kwenyewe huanza na geji. Geji ndogo hukosea mara nyingi, kwa hiyo hulinganishwa kwanza na geji kubwa iliyokwisha kupimwa. Boila nayo iwe imejaribiwa kwa maji baridi, kwa kawaida mara mbili ya kanieneo ya kazi inapokuwa mpya. Maji baridi hutumika kwa sababu hayana ile akiba ya joto tuliyoihesabu. Boila ikishindwa, huvuja tu.

Kisha springi hulegezwa, moto huwashwa, na mtu husoma geji wakati gololi inapoinuka na inaporudi kitakoni. Kanieneo ikishushwa, kifuniko hukazwa robo ya mzunguko na jaribio hurudiwa. Kama umbali kutoka hesi hadi hesi ni milimita 0.5, robo ya mzunguko huongeza baa 0.25 kwa springi ngumu, na 0.05 tu kwa springi laini. Daima hupandwa kutoka chini. Anayeanza juu hajui atafika wapi. Hatimaye nati ya kufungia hukazwa, na moto huchochewa kwa nguvu zote huku injini imesimama. Kanuni inayofuatwa Uingereza ni kwamba kanieneo isizidi ile ya kazi kwa zaidi ya asilimia 10.

Uso usiwe juu ya vali wakati wowote. Mvuke halisi hauonekani. Wingu jeupe ni matone yaliyokwisha kupoa, na pale pasipo na wingu, karibu na tundu, ndipo penye kuunguza zaidi.

Vali inayovuja isikazwe zaidi ili inyamaze. Mara nyingi chembe ya ukoko wa chokaa imekaa kitakoni. Udogo una adhabu yake: injini za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, zilifanya kazi kwa baa 15.5 hivi, na chembe kama hiyo isingezisumbua. (Moja yao, Mount Gelai, imo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.) Kwa gololi ndogo, chembe hiyo ni jiwe.

Shuleni asiwepo mtu wa kuziba kopo la maji na kuliweka motoni. Kanuni hizi zaweza kuonyeshwa kwa hewa: pampu ya baiskeli, gololi ya ekseli ya nyuma, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 6.35, na springi ya kalamu ndani ya mrija wa shaba. Wanafunzi wapime ugumu wa springi kwa kutundika mawe ya mizani, wakokotoe kanieneo ya kufunguka, kisha wailinganishe na geji ya kupimia upepo wa matairi.