Ziara ya Mafunzo: Vibanja vya Buganguzi na Matanuri ya Katuruka

Mgeni aingiaye Buganguzi, Wilayani Muleba, huona upesi kwamba ardhi imegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ni vibanja, yaani mashamba ya migomba yaliyochanganywa na mibuni na maharage, yakizizunguka nyumba za Wahaya. Ya pili ni rweya, uwanda wazi wa nyasi usiostawisha mazao mengi. Mpaka kati ya sehemu hizo waweza kuvukwa kwa hatua chache tu. Je, tofauti hiyo imetokana na nini? Swali hilo latosha kuwa kazi ya siku nzima kwa darasa la biolojia au la jiografia.

Mara nyingi mwamba ulio chini ya rweya na kibanja ni wa aina moja. Mvua nyingi zimeosha madini ya lishe kutoka katika udongo wa juu, na kuuacha wenye asidi. Udongo mweusi wa kibanja, basi, ni kazi ya watu. Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, na ng'ombe waliolishwa huko walirudi jioni na samadi yao. Rutuba ya uwanda mpana ilikusanywa hivyo katika eneo dogo. Wanafunzi na wachimbe mashimo mawili ya sentimita 30, moja kila upande, kisha walinganishe rangi, unyevu, idadi ya minyoo, na asidi kwa karatasi ya litmasi.

Mfumo huo una udhaifu wake. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi katika miaka ya 1890, na kaya isiyo na ng'ombe haina njia rahisi ya kurudisha kile kinachotolewa na mavuno. Mwaka 2006 ukagunduliwa Muleba mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Vimelea hivyo huchukuliwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na pia na panga lililokata mgomba mgonjwa. Kwa sababu hiyo wakulima hushauriwa kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, kung'oa migomba iliyougua, na kupitisha zana katika moto. Mgeni naye ana wajibu: asikate chochote, wala asihamishe miche kutoka shamba moja hadi jingine. Uzembe wa siku moja waweza kuigharimu familia chakula cha miaka.

Hali ya hewa nayo ni somo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, lakini kadiri mtu anavyokwenda magharibi kiasi hicho hupungua hata kufikia nusu au chini yake. Upepo wa kusini-mashariki huvuka Ziwa Viktoria ukibeba mvuke, kisha hulazimika kupanda vilima vya pwani, ukapoa na kunyesha. Shule mbili zilizo mbali na mbali zikiweka vipima mvua vya makopo, zaweza kuthibitisha jambo hilo kwa muhula mmoja.

Safari iishie Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba. Hapo, na karibu na Ghuba ya Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na watafiti hao wakasema kwamba hewa ilipata moto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi huo wenyewe wafaa kujadiliwa darasani. Lisilobishaniwa ni kemia yake: mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, nayo huondoa oksijeni katika mawe ya chuma. Mtu akiona vipande vya mavi ya chuma shambani asivichukue, kwani kipande kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti lolote.

Mwalimu aombe ruhusa kwa uongozi wa kijiji na kwa wenye mashamba mapema. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua chache na njia hupitika vizuri. Lakini darasa litakalokuja Novemba laweza kubahatika kuona senene wakizizunguka taa usiku, na kuwahesabu kabla hawajaingia kikaangoni.