Motere Ikipoteza Nguvu Katikati ya Ziwa



Wakati wa konji wengi wetu hawabaki kambini. Watu wa Kolwezi wanashuka Ziwa Nzilo, wale wa Likasi wanakwenda Tshangalele, na wengine wanafika hata Kilwa na Pweto, kwenye Ziwa Moero, kutafuta samaki wa kula na wa kuuza kidogo. Siku hizi mitumbwi mingi mikubwa ina motere nyuma, na kila anayejua kuvuta kamba ya kuwashia anajiona fundi. Lakini kuwasha si kazi. Kazi iko siku motere inapoanza kulegea, ukingo uko mbali na upepo umeamka.

Mtaniuliza: msaidizi wa dokta anatafuta nini ndani ya motere? Jibu ni hili: yule anayetengeneza vibaya juu ya maji, tunampokea sisi dispensere. Mmoja ameungua mkono, mwingine amekatwa vidole na elisi, wa tatu amekunywa esanse.

Basi, nguvu zikipungua, anza na watu, si na motere. Punguza gazi. Kila mtu avae jile yake ya kuokolea, watoto kwanza, na wote wakae chini. Geuza pua ya chombo itazame upepo na mawimbi. Motere ikizimika kabisa, teremsha nanga, au jiwe lililofungwa kamba, kwa upande wa mbele. Usiifunge nyuma kamwe, kwa sababu nyuma ni chini na nzito, na mawimbi yataingia hapo. Maji yakiwa marefu na nanga haifiki, funga ndoo kwenye kamba na uiache majini mbele; itashika maji na kuzuia chombo kisipigwe ubavu. Haya yote ni ya dakika mbili. Ukiyamaliza, una nafasi ya kufikiri.

Sasa sikiliza namna motere inavyolegea, maana kila ugonjwa una dalili zake.

Ikitembea vizuri dakika chache, ikachoka polepole, ikazimika, na baada ya kupumzika ikakubali tena, tazama kwanza kifuniko cha tanki ya esanse. Juu yake kuna skurubu ndogo ya kuingiza hewa. Mama anajua jambo hili kuliko sisi: ukitoboa kopo la maziwa tundu moja tu, maziwa hayatoki vizuri, ukitoboa la pili yanamwagika. Tanki ni vilevile. Skurubu ikifungwa, hewa haiingii, na motere inavuta esanse bila kuipata. Wengi wanaifunga wakati wa kubeba tanki kwenye gari, halafu wanasahau. Nimesikia watu waliofungua karbirateri nzima juu ya maji kwa ajili ya skurubu hiyo moja!

Kile kipira kilicho kwenye tiyo ya esanse ndicho kitakachokuambia ukweli. Kiminye. Kikibaki bapa bila kurudi, hewa haiingii tankini au tiyo imekunjwa na mtu ameikalia. Kikibaki laini hata ukiminya mara nyingi, esanse imekwisha, au tiyo imepasuka mahali na inavuta hewa. Kikiwa kigumu, esanse inafika. Tafuta ugonjwa mahali pengine.

Motere ikikohoa, ikivuta na kuacha, dhania maji ndani ya esanse. Ile tunayonunua kando ya barabara katika bido haina mlinzi. Kabla ya kuondoka, mimina kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini, na utaona mstari. Ukiyaona, acha bido itulie, umimine ya juu taratibu, na ile ya chini usiitie kwenye tanki. Kuhusu mafuta ya kuchanganya, fuata kitabu cha motere yako. Nyingi za mipigo miwili zinataka 1 kwa 50, ndiyo mililita 400 kwa litre 20 za esanse. Kuna wanaoongeza mafuta wakisema wanaipenda motere. Wanapata moshi na buji nyeusi. Anayepunguza ndiye anayeiua kabisa. Motere ya mipigo minne haichanganyiwi.

Ikitetemeka na sauti yake ikibadilika, kama mtu anayechechemea, huenda silinda moja imekufa. Mara nyingi ni buji. Beba buji mpya na ufunguo wake katika mfuko mkavu, havina uzito. Lakini ile desturi ya kutoa buji, kuilaza juu ya motere na kuvuta kamba ili kuona moto, iache ufundi wa atelie. Ndani ya chombo kuna mvuke wa esanse, nao ni mzito, unalala chini miguuni pako. Cheche moja inatosha, na hapo huna pa kukimbilia. Badilisha buji tu. Na sigara? Hata usiulize.

Halafu tazama kama motere inakojoa. Ule uzi wa maji unaotoka nyuma unaonyesha kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Ukikatika, zima mara moja. Pale Tshangalele penye majani mengi ya maji, mdomo wa kuvutia maji unazibwa upesi; mahali pengine ni mfuko wa plastiki. Inua motere, ondoa uchafu, ngoja ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi. Ikiwaka tena bila kukojoa, pampu yake imekufa: shika kafi au omba kuvutwa.

Na motere ikilia kwa nguvu huku chombo hakiendi, ugonjwa uko kwenye elisi: pini imekatika, mpira wake wa ndani unateleza, au nyavu zimejizungusha. Zima, toa ile kamba ya usalama, ndipo uinue na kugusa. Usiruke majini kuifungua kutoka chini. Mamba na kiboko wako, kichocho kiko, na chombo chepesi kinasukumwa na upepo haraka kuliko unavyoogelea.

Kuna mara nyingine motere ni nzima, ila mzigo ndio umezidi. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, chombo kilichotoka Minova kikijaa watu kupita kiasi kilizama mbele ya Kituku, karibu na Goma, ukingo ukionekana. Watu wengi walikufa. Chombo kikilala chini kuliko kawaida, hesabu watu na magunia kabla ya kulaumu motere.

Nimeacha esanse ya mdomoni mwisho, kwa sababu inarudi kila konji. Mtu anataka kuhamisha esanse kutoka bido, anavuta tiyo kwa mdomo. Kidogo kinaingia, anakohoa, wenzake wanacheka. Hatari si tumbo, ni mapafu. Esanse ni nyepesi, inateleza hadi mapafuni na kuyachoma. Jioni anakohoa, usiku homa inapanda na pumzi inakuwa fupi. Nyumbani wanampa mafuta ya mawese au maziwa, wanamtia kidole kooni atapike. Msifanye hivyo! Akitapika, esanse inapita tena njia ileile. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa sabuni, akae wima, mleteni lopitali siku hiyohiyo hata akisema ni mzima. Mwambieni mwuguzi saa aliyoimeza, na kama alikohoa palepale. Kwa kuhamisha esanse, faneli na kitambaa safi vinatosha. Vinakaa pamoja na buji katika ule mfuko mkavu.